Nimeweka kioo kirefu kwenye pikipiki, upepo umezidi kunitwanga kichwani. Nimekosea wapi?

Helmeti Nyeupe

Wakuu, shikamoo kwa wakubwa, na wengine habari za mihangaiko.

Naombeni msaada, kichwa kinaniuma kwa maana zote mbili. Nina pikipiki ya safari ya cc 650, ile aina ya kukaa wima yenye usukani mpana. Kioo cha mbele kilichokuja nayo kilikuwa kifupi, kinaishia usawa wa kifua. Upepo ulikuwa unanisukuma kifua na mabega, nikienda saa tatu mikono imekufa ganzi kwa kung'ang'ania usukani. Nikasema dawa ni kioo kirefu. Nikanunua kinachozidi kile cha zamani kwa sm 11, nikakifunga mwenyewe kwenye matundu yale yale ya bolti nne, nikajiona nimemaliza.

Kifua kimepona kweli. Balaa limehamia juu. Kuanzia km 85 kwa saa kichwa kinatikiswa kama vile mtu amenishika helmeti kwa mikono miwili ananiuliza "unanisikia wewe?" Nikifika 100 macho yanashindwa kusoma kibao cha barabarani mpaka nikikaribie kabisa. Na mlio wake si ule wa "fuuu" tuliouzoea, ni "bu-bu-bu-bu", kama turubai la lori lililofunguka upande mmoja. Nikishuka masikio yanaendelea kuvuma mpaka napitiwa na usingizi.

Kuna mambo mawili zaidi, sijui kama yanahusiana. Siku moja jani kavu liliingia nyuma ya kioo, pale juu ya dashibodi. Nilidhani litapeperuka mara moja. Likakaa pale likizunguka lenyewe kwa lenyewe kilomita zaidi ya kumi, haliendi mbele wala nyuma, mpaka nikaanza kulionea huruma. La pili, mvua iliponikuta, upande wa ndani wa kioo ulilowa chapachapa, na muda wote nilihisi kama mtu ananisukuma mgongoni polepole. Abiria wangu, mama watoto, ameshatangaza: kioo kile kikibaki, yeye atapanda basi.

Urefu wangu ni sm 186, na kirefu zaidi ni kiwiliwili, miguu ya kawaida tu. Jirani yangu ana pikipiki na kioo kama hivi hivi, ila yeye ana sm 170, anasema hasikii chochote, anapiga mluzi humo ndani. Ninunue kirefu zaidi? Nikate hiki? Nitoboe matundu? Kile cha zamani ninacho bado, kwa hiyo cha kujifunzia kipo.

KM Elfu

Pole sana mkuu. Hiyo hali naijua, nimeishi nayo miaka miwili nikiisingizia helmeti.

Usikate kitu bado. Tujibu kwanza: chini ya kioo, pale kinapokutana na ganda la taa, kuna uwazi wowote? Ukisimama kwenye vikanyagio ukiwa kwenye mwendo, kelele inapungua au inazidi? Ukiinama mpaka kidevu kikaribie tangi je? Na helmeti yako ina kile kidaka jua juu ya paji?

Halafu hili lisisubiri majibu: vaa vizibo vya masikio, vile vya sponji vya kufinya kwa vidole. Masikio kuvuma mpaka usingizini si uchovu wa safari, ni masikio yanaumia. Kwenye km 100 kwa saa kelele ya upepo ndani ya helmeti inapita desibeli 95 bila taabu, na helmeti haikusaidii sana, maana kelele yenyewe inazaliwa hapo hapo kwenye ganda lake na chini ya kidevu. NIOSH, wale wa Marekani wanaoshughulikia afya kazini, kikomo chao ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikipanda desibeli 3 muda unakatwa nusu. Piga hesabu mwenyewe: kwenye 94 una saa moja tu. Wewe unasema unakwenda saa tatu.

Helmeti Nyeupe

Asante mkuu. Uwazi hakuna kabisa, kioo kimelala juu ya ganda la taa na katikati kuna utepe wa mpira, hata kadi ya benki haipiti. Nikisimama, kichwa kikipanda kama sm 15, "bu-bu-bu" inakatika ghafla kama mtu kafunga mlango, inabaki "fuuu" tu. Nikiinama ndiyo kimya kabisa, nasikia mpaka mnyororo. Yaani juu pazuri, chini pazuri, na mimi Mungu kaniweka katikati. Kidaka jua sina.

Vizibo nimevipata leo. Hilo la desibeli limenitisha kidogo.

Mzee wa Gia Tano

Kijana, lile jani lilishakujibu, wewe tu hukulisikiliza.

Upepo ukigonga kioo unapanda nacho, unafika ukingoni, unaruka. Nyuma ya kioo msukumo wa hewa unakuwa mdogo kuliko pande zote zinazokizunguka. Panakuwa kama kisima kilichokauka, na hewa haivumilii kuona kisima kikavu. Ile inayoruka ukingoni inavutwa chini kuja kukijaza, njiani inajikunja, inakuwa kisulisuli. Kisulisuli kinakatika, kinazaliwa kingine, nacho kinakatika. Hiyo "bu-bu-bu" yako ni visulisuli vinakupita usoni kimoja baada ya kingine. Hewa ya pembeni nayo inazunguka mabega inarudi kutokea nyuma yako. Huyo ndiye anayekusukuma mgongoni, na ndiye aliyeleta maji upande wa ndani wa kioo. Jani lilinaswa humo kisimani.

Sasa wewe ulipoongeza sm 11 hukuondoa vurugu, ulichimba kisima kirefu zaidi na ukaipandisha vurugu kutoka kifuani mpaka kwenye paji. Jirani yako vinampita juu ya helmeti. Kati ya kichwa chako na chake kuna sm chache tu mkiwa mmekaa, lakini ukanda wenyewe wa vurugu si mnene, umeona mwenyewe kwamba sm 15 za kusimama zinakutoa. Ndiyo maana mimi huwa sisikilizi mtu anayesifia kioo bila kuniambia urefu wake. Watengenezaji wanalijua hili, pikipiki zao kubwa za safari wamezifungia kioo cha kupanda na kushuka kwa kitufe, kwa sababu hakuna kimo kimoja kinachowafaa wote. Na BMW walipotoa R 100 RS mwaka 1976, ganda lake la mbele lilikuwa limepitishwa kwenye handaki la upepo la Pininfarina, Italia, hawakukisia. Sisi handaki hatuna. Tuna barabara iliyonyooka na nyuzi za sufu.

Nyuzi hizo ndizo mwanzo. Kata vipande vya urefu wa kidole, vibandike kwa tepu upande wa nje na wa ndani wa kioo, safu moja karibu na ukingo wa juu, nyingine chini, na vichache kwenye tangi na mabegani pa jaketi. Nenda kwenye km 80, mwenzako awe pembeni kwenye gari anapiga video, wewe usishughulike kuangalia. Uzi unaolala kuelekea nyuma, hapo hewa imetulia. Unaocheza ngoma, hapo pana vurugu. Na ukiona uzi umelala kuelekea MBELE, hapo hewa inarudi kinyume, na nakuhakikishia utauona.

Halafu siku hiyo hiyo kitoe kioo kabisa urudie njia ile ile. Utapigwa kifuani, lakini sikiliza kichwa: kikitulia, basi helmeti haina kosa, kosa ni la kioo. Usiruke hatua hii. Nimeona watu wamebadilisha helmeti tatu kwa ugonjwa wa kioo.

Tiba ninayoiamini mimi ni kuacha kuufukuza upepo na kuanza kuulisha. Toa ule mpira, kisogeze kioo mbele kiachane na ganda kwa sm 2, hata 3, hewa ipande kupitia chini. Kisima kikijaa kutoka chini, ile ya juu haina sababu ya kuanguka tena. Upepo kidogo utakufikia kifuani. Huo uuvumilie, ndiyo nauli.

BilaKioo

Mzee heshima yako, lakini mnamzungusha mwenzetu na nyuzi. Mimi nina sm 184, nimepita njia hiyo yote: wosha, mabano, kioo cha kurekebisha, kioo juu ya kioo. Mwisho nilichukua msumeno nikakikata kikafika chini ya mabega. Mabega na kichwa viko kwenye hewa nyoofu, inasukuma lakini haitikisi. Mwili unauzoea msukumo, hauzoei kutikiswa.

Ubaya wake siufichi. Mvua unaipokea yote, wadudu unawapokea wote, na kwenye baridi utajuta. Na msukumo unakua kwa mraba wa mwendo, kutoka 60 kwenda 120 si mara mbili, ni mara nne, kwa hiyo kama wewe ni wa kukimbia shingo itakudai. Mimi ni mtu wa 90.

Mzee wa Gia Tano

Sikukatalii, BilaKioo. Kifupi sana ni bora kuliko kirefu nusu. Ila yeye alianza kwa kulalamikia kifua, ukimrudisha pale pale utakuwa hujamtibu.

Fundi Plastiki

Mimi kazi yangu ni plastiki za magari na pikipiki, naongea la msumeno na drili kwa sababu hapo ndipo vioo vingi vinapofia.

Kwanza jua ulichoshika. Kioo cha pikipiki si kioo, ni akriliki au polikaboneti. Tafuta maandishi madogo kwenye kona: PMMA ni akriliki, PC ni polikaboneti. Akriliki inang'aa vizuri na haichubuki haraka, lakini ni ngumu kama kigae, ukiionea inapasuka vipande vyenye makali. Polikaboneti unaweza kuigonga kwa nyundo isivunjike, ila inachubuka kirahisi ikikosa ile ngozi ngumu ya juu, na inachukia kemikali. Petroli usiiguse nayo, wala zile dawa za kusafishia madirisha zenye amonia. Maji, sabuni laini, kitambaa laini, basi.

Kutoboa. Ncha mpya kali ya drili, ile ya kutobolea chuma, ndiyo adui, maana inajichimbia badala ya kukwangua, na inapotokezea upande wa pili inanyakua plastiki na kuipasua. Mimi huwa nachukua ncha kuukuu naipitisha kwenye jiwe la kunolea kuua ule ukali wa mdomo kidogo, ndipo naitumia. Weka tepu ya karatasi pande zote mbili, ubao nyuma umebanwa vizuri, mwendo wa drili polepole, mkono usikandamize. Tundu liwe pana kuliko bolti kwa mm 1 au 2, kwa sababu plastiki inatanuka juani na kusinyaa kwenye baridi kuliko chuma. Ukiibana isipate pa kwenda, inajipasulia yenyewe ikiwa imeegeshwa tu. Na usitoboe karibu na ukingo, acha angalau upana wa matundu mawili.

Kufunga: wosha za mpira pande zote mbili, kaza mpaka mpira uanze kubonyea, simama hapo. Na ile gundi ya majimaji ya kuzuia nati zisilegee, MSIIWEKE karibu na plastiki hizi. Kwenye chuma ni nzuri sana. Ikigusa akriliki au polikaboneti iliyobanwa inazaa nyufa kama utando wa buibui kuzunguka tundu, wakati mwingine kesho yake tu. Tumia nati za mpira zile zenye nati ya shaba ndani, zenyewe hazilegei na zinameza mtetemo.

Ukikata, ukingo upige msasa 240, kisha 400, 800, mpaka 1200 wenye maji. Si urembo. Mkwaruzo mmoja ulioachwa ukingoni ndipo ufa unapoanzia.

Kukunja kwa moto ili upate ule mdomo wa kupandisha hewa, sikushauri nyumbani. Akriliki inalainika kwenye nyuzi 150 au 160, lakini ukipuliza moto kwa mkono sehemu moja inachelewa nyingine inawahi, unapata mawimbi, halafu barabara unaiona imepinda. Polikaboneti ndiyo kabisa, usipoikausha unyevu kwanza inatoka mapovu ndani.

Helmeti Nyeupe

Fundi, laiti ungeandika siku moja kabla. Kioo cha zamani ni marehemu. Nilitaka kukitoboa matundu matatu ya hewa kama majaribio, nikatumia ncha mpya kabisa niliyoinunua kwa ajili hiyo, nikakandamiza kama natoboa mlango. Tundu la kwanza likapita vizuri. La pili lilipokuwa linatokezea nikasikia "tak", ufa ukatoka tunduni ukatembea mpaka ukingoni mbele ya macho yangu, taratibu, kama unajua unakokwenda. Nimesoma PMMA kwenye kona baadaye.

Nitarudi na majibu ya nyuzi.

Helmeti Nyeupe

Wakuu, wiki tatu zimepita, narudi na ripoti. Ni ndefu, mnisamehe.

Nyuzi kwanza. Mdogo wangu alipiga video akiwa siti ya nyuma ya gari la rafiki yetu, mimi nikiwa kwenye 80. Upande wa nje wa kioo nyuzi zote zimelala vizuri kama nywele zilizochanwa. Ukingoni zinapiga kelele. Halafu upande wa ndani, safu ya chini, Mzee hukunidanganya: nyuzi tano kati ya sita zimelala kuelekea mbele, zinaelekeza taa. Nilirudia ile video mara nne. Kwenye tangi nazo hivyo hivyo. Yaani mimi nakwenda mbele kwenye 80, na hewa ya mapajani mwangu inakwenda mbele zaidi yangu.

Bila kioo: kifua kilisukumwa, shingo ilivutwa, lakini kichwa kimetulia kabisa na vibao navisoma kutoka mbali. Kwa hiyo helmeti nimeiomba radhi.

Nikatoa ule utepe wa mpira. Nikaweka wosha kwenye bolti zote nne, kama mm 10, kioo kikasogea mbele bila kubadili mlalo. Mtikisiko uliokuwa unaanzia 85 ukaanzia 95. Si haba, ila si tiba. Kesho yake nikajaribu kwa akili zangu kuongeza wosha za juu tu, nikidhani kioo kikisimama wima zaidi kitarusha upepo juu zaidi. Wakuu, msijaribu. Sikufika hata 80, na kioo chenyewe kikaanza kupumua mbele na nyuma nikikiangalia.

Nikageuza: chini mm 20, juu mm 8. Kati ya bolti za chini na za juu kuna mm 130, kwa hiyo kioo kimelala nyuma kama digrii 5 zaidi, na pale chini umefunguka mdomo wa karibu sm 2 upana wote wa ganda. Siku ya majaribio kulikuwa na utulivu, asubuhi. Nikapita 85, nikasubiri kutikiswa. 95. Nikafika 100, nikawa bado nasubiri, mabega nimeyakaza kama mtu anayengoja kupigwa sindano. Hakuna. Kelele ipo, lakini ni "fuuu" moja iliyonyooka. Kifuani napata hewa kama ya feni ya mbali. Hiyo nauli nimelipa bila kinyongo.

Ukingo wa juu nao ulishuka kidogo kwa ule mlalo, sasa naangalia barabara juu ya kioo, si kupitia kioo. Nilikuwa sijui kero ya kuangalia kupitia plastiki mpaka nilipoacha, hasa usiku taa za wanaokuja zinapotawanyika kwenye mikwaruzo.

Nilizungusha usukani pande zote mpaka mwisho kabla ya kuondoka, hakuna waya wala mpira wa breki unaogusa.

Mama watoto: ameketi juu zaidi yangu na nyuma, bado anapata mapigo kidogo kwenye 100, akisogea karibu yanaisha. Ameahirisha habari ya basi.

Limebaki jambo moja. Nikifika 110 kuna ngurumo nyingine, nzito, haitoki juu. Siku niliyofunga begi la tangi ikapungua nusu. Sijaielewa.

KM Elfu

Hongera mkuu! Hiyo ya begi umeielewa ila hujajiamini. Hewa inapanda kutoka chini, kati ya tangi na zile bomba mbili za shokapu za mbele, inapita juu ya tangi inakupiga chini ya kidevu. Pikipiki za safari zimeinuka mbele, uwazi pale ni mkubwa. Begi liliziba njia.

Jaribu kwa plastiki laini, hata ya dumu. Kata mabawa mawili, kila moja likae upande wake likiziba ule uwazi, yafunge kwa vibanio vya plastiki kwanza ujaribu. Mambo mawili tu uyachunge: yasiguse shokapu zikishuka wala usukani ukigeuka, na yasifunike rejeta. Injini yako nayo inataka upepo.

Mgeni wa Lami

Samahani kuingilia. Na zile mbawa ndogo za kubana kwenye ukingo wa juu wa kioo, zinasaidia? Kioo changu ni kifupi kama kile cha zamani cha mleta mada.

KM Elfu

Zinasaidia, kwa sharti moja: iache nafasi kati yake na kioo, vidole viwili hivi, hewa ipite katikati. Ukiibandika ikagusana na kioo umejitengenezea tu kioo kirefu, na hadithi yake umeisoma hapo juu. Uzuri wake unaijaribu na kuitoa bila kutoboa kitu. Ubaya, inabebwa na vibanio viwili vya mpira, na kioo chembamba kitacheza nayo. Na kama kioo chako kimefungwa kwenye usukani wenyewe, si kwenye ganda, kuwa mwangalifu sana: upepo unaoshika kioo unashika usukani. Panda mwendo kwa hatua, na ukisikia mbele panaanza kuyumba, achia mafuta taratibu, kaitoe.

Helmeti Nyeupe

Mabawa ya dumu nimefunga jana. Ni mabaya kwa sura, yameandikwa nusu ya neno "mafuta" upande wa kushoto, lakini ile ngurumo ya 110 imeondoka, nikitoa kizibo kimoja nasikia injini. Nitakata mengine meusi yenye heshima nikishayaamini.

Kuna aliyeniuliza kwa ujumbe kuhusu bolti. Ni M5, yaani unene wa mm 5. Za awali zilikuwa na urefu wa mm 16, hazifiki tena. Chini nimeweka mm 40, juu mm 25, zenye kichwa cha funguo ya pembe sita. Na mrundo wa wosha nimeutoa, badala yake nimekata vipande vya bomba la aluminiamu, mm 20 na mm 8, bolti inapita katikati, kwa sababu wosha kumi juu ya bolti ndefu zilikuwa zinacheza. Nati za mpira, wosha za mpira pande zote. Gundi sijaigusa, Fundi.